Nani Atamsemea Mjane?



Likizo iliyopita, binti mmoja wa parishi yetu asomaye sheria Chuo Kikuu alikuja nyumbani hapa Bariadi. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa chini ya mti nje ya kanisa, akiwasomea akina mama barua walizoletewa kutoka mahakamani na kuwaeleza maana yake. Hakupokea hata senti. Tulifurahi sana. Lakini aliposema kwamba haja ya moyo wake ni kusimama mahakamani kuwahoji mashahidi, baadhi yetu tuliguna. Tulisema, kusaidia wajane ni kazi ya Mungu, lakini kubishana mahakamani ni kazi ya wapotosha maneno.

Hebu tupime neno hilo. Ni kweli Maandiko yanatuonyesha msemaji wa aina hiyo. Tertulo alikodishwa amshtaki Paulo. Akaanza kwa kumsifu liwali Feliki, kisha akatoa mashtaka yasiyo na ushahidi (Matendo 24). Ulimi wa namna hiyo tuukatae.

Lakini tumkumbuke na Danieli alipokuwa kijana, katika kisa cha Susana, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mfano wa maisha mema. Wazee wawili walimsingizia Susana uzinzi, na kusanyiko lote likawaamini, kwa kuwa walikuwa watu wazima wenye cheo. Susana akamlilia Mungu. Danieli akawatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja swali lile lile: uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Uongo ukajulikana, na Susana akapona. Angalieni, wapendwa: jibu la Mungu kwa sala ya yule mama lilikuwa kijana aliyejua kuuliza.

Tusidhani hayo ni ya zamani tu. Wajane wawili wa Kisukuma, wa mkoa wa Shinyanga, walifukuzwa na ndugu za waume zao katika nyumba walizoishi. Siku hizo Bariadi yetu ilikuwa ndani ya mkoa huo, kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Ndugu hao waliegemea sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, ambayo humnyima mjane urithi wa mumewe. Mwaka 2005 wajane hao walifungua kesi Mahakama Kuu, wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, nao walitia mkono katika kazi hiyo.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hiyo inawabagua wanawake, lakini ikakataa kuifuta. Wakakata rufani. Mwaka 2010 rufani ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika hati. Tarehe tu! Hapo ndipo tunapojifunza kwamba huruma peke yake haitoshi. Mtetezi hana budi kujua kazi yake na kukagua kila karatasi. Hata hivyo hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Serikali iwape fidia na kurekebisha sheria.

Basi tujiulize sisi wenyewe. Mjane hafukuzwi na watu wa mbali. Hufukuzwa katika kikao cha ukoo, mbele ya majirani, na wengine wetu tumeketi pale, tumeinamisha vichwa, tukisema hayo ni ya nyumbani kwao. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi mara ngapi tumenyamaza, kisha Jumapili tukaja kupokea Meza ya Bwana?

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Wazazi, msiwavunje moyo vijana wenye kipawa cha kusema. Wafundisheni kusema kweli. Vijana msomao sheria, msikimbilie jukwaa kabla hamjakaa chini ya mti na kusikiliza, kwa maana asiyemsikiliza mjane hawezi kumsemea. Na sisi sote, mjane wa jirani akiitwa kikaoni au Mahakama ya Mwanzo, asiende peke yake. Aliyeona na akashuhudie alichoona, bila kuongeza wala kupunguza.

Sisi nasi tulikuwa washtakiwa tusio na la kujitetea, na Bwana Yesu ndiye anayetuombea mbele za Baba (1 Yohana 2:1). Aliyetusemea bure anatutuma tukawasemee wengine.

Ee Bwana, utupe midomo ya kweli na mioyo isiyoogopa. Amina.