Sakarani na sakarati



Likizo hii kijana mmoja wa hapa Bangwe aliniuliza, "Frateri, pombe ni dhambi?" Nikamjibu haraka kwa maneno ya Mtakatifu Thomas wa Akwino: kunywa kwenyewe si dhambi, angalia nani anakunywa, kiasi gani, na kama anawakwaza wengine. Jibu sahihi kabisa. Usiku sikulala.

Kilichoninyima usingizi ni neno. Katika Luka 1:15 malaika anasema Yohane hatakunywa divai wala kileo. Hicho kileo, kwa Kigiriki cha Luka, ni sikera, neno lililotoka kwa Wayahudi: shekar. Ndugu yake kule Babeli ni shikaru, bia ya shayiri. Sheria za Hammurabi, karibu mwaka 1750 KK, tayari zinawataja akina mama waliokuwa wakiiuza. Mzizi wake ni s-k-r, kulewa. Yaani watu wa kale hawakukiita kinywaji kwa nafaka yake, walikiita kwa kazi yake.

Mzizi huohuo, kwa njia ya Kiarabu, umefika mpaka Ujiji. Mlevi ni sakarani. Na mtu anayekata roho yuko katika sakarati ya mauti, kana kwamba kifo nacho kinalevya.

Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi haitoki, naye siku hizo alikunywa. Daktari alishamwambia aache, ini limeharibika. Mwaka juzi aliniomba elfu mbili. Nilijua ni za nini. Nikampa, maana sikutaka aseme usomi umenifanya nimdharau. Tukakaa naye, akaimba, tukacheka (ilikuwa jioni nzuri, siwezi kudanganya). Miezi minne baadaye jirani yetu, mama wa Ujiji, alitoka chumbani mwake akasema taratibu, "Yuko katika sakarati."

Elfu mbili yangu haikumuua, hilo nalijua. Lakini "nani anakunywa" lilikuwa swali langu jioni ile, na jibu nilikuwa nalo. Kwa mwingine ingekuwa pombe ya ndizi tu. Kwake ilikuwa shikaru, na mimi niliona afadhali anipende.

Nimeshaungama. Yule kijana nilimjibu kama mtu aliyefaulu mtihani, wala sikumuuliza anamuulizia nani. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nitamtafuta.