Alama za Mkopaji

Deni ni ahadi, na ahadi ni kipimo cha utu. Zamani kipimo hiki kilikuwa mikononi mwa jirani na mwenye duka. Leo kimo pia ndani ya simu. Nchini Kenya, ofisi za kumbukumbu za mikopo hukusanya habari za madeni na kumpa mkopaji alama. Mojawapo hupima toka 200 hadi 900.

Usiku mmoja nilifungua programu ya benki katika simu, nikaona alama zangu ni nyingi. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani. Furaha hiyo haikudumu. Nilimkumbuka dada yangu, aliyeuza mbuzi wake ili nilipe karo ya shahada ya uzamifu. Deni lake halikuandikwa popote. Kwa hiyo simu ilinisifu kwa uaminifu ambao yeye hajauona.

Simlaumu mpimaji. Hesabu husema yaliyoandikwa na hunyamaza juu ya yasiyoandikwa. Asiyekopa kamwe huonekana mgeni, hata akiwa mwaminifu; aliyechelewesha shilingi chache huweza kuonekana laghai. Ndiyo sababu mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia watu kuripotiwa kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000.

Basi na tuzitazame alama zetu na kudai makosa yake yasahihishwe, maana jina jema ni mali. Lakini tusiziulize kama sisi ni watu wema. Swali hilo hujibiwa na anayetudai bila hati.

Kulipokucha nilimpelekea dada fedha zake, kwa simu ile ile.