Kiitikio

Oktoba iliyopita binti wa kaka yangu alirudishwa nyumbani wiki tatu kwa kosa la kucheza singeli. Yuko kidato cha tatu. Siku ya mahafali ya kidato cha nne yeye na wenzake wanne walipewa nafasi kwenye ratiba, didijei aliyekodiwa na shule akaweka wimbo, nao wakacheza singeli inavyochezwa, kwa kasi na kwa kiuno. Nilikuwepo. Wazazi tulipiga makofi, na mimi nilipiga kigelegele. Mgeni mmoja wa meza ya mbele aliinuka na noti ya elfu kumi kwenda kuwatuza. Mtu mzima mwingine alirekodi kwa simu, na klipu ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi ikamfikia mtu ikamkasirisha. Jumatatu wasichana watano wakaitwa ofisini. Didijei alishalipwa chake. Aliyerekodi hakuulizwa, aliyetuza hakuulizwa, na mimi mwenye kigelegele nikaitwa kikaoni kama mzazi mwenye uchungu.

Kikao kizima kilitawaliwa na neno moja. Watoto wameharibika. Muziki umewaharibu, simu zimewaharibu, wasanii wa siku hizi wamewaharibu. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sina ugomvi na fasili. Wasomi wanaposema utamaduni pendwa wanakusudia nyimbo, filamu, mavazi, misemo na vichekesho vinavyopendwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hilo linanitosha. Kwamba vitu hivyo vina nguvu juu ya vijana nalo nalikubali. Visingekuwa na nguvu, kampuni za simu na za vinywaji zisingewalipa wanamuziki. Kinachoninyima usingizi ni kitenzi. Kuharibika. Maziwa huharibika, embe huharibika, injini huharibika. Kitu kikiharibika hatukiulizi kilikuwa kinafikiria nini. Tunakitupa au tunakipeleka kwa fundi. Tukisema wimbo umemharibu mtoto, tumemweka mtoto huyo kapu moja na embe, akae akisubiri joto limfanyie lake.

Sawa, na tukubali. Basi kwa nini aadhibiwe? Hakuna anayelichapa embe kwa kuoza. Ama wimbo ndio uliotenda na msichana ametendewa, na hapo anastahili kuhurumiwa. Ama msichana ametenda mwenyewe, na wimbo hauna kesi ya kujibu. Kikao chetu kilishika yote mawili: wakati wa kuhutubia mkosaji alikuwa wimbo, wakati wa kuandika barua ya adhabu mkosaji alikuwa mtoto. Nililiona hilo nikiwa nimeshafika kituo cha daladala, na mpaka leo linanichoma.

Neno ninalolitaka badala yake liko kwenye ngoma zetu wenyewe. Anayeimbisha hutoa ubeti, waliokusanyika huitikia. Asipoitikiwa, hana ngoma. Atarudia mara mbili, tatu, kisha atanyamaza au atabadilisha wimbo. Naona nguvu ya utamaduni pendwa juu ya kijana inafanana zaidi na kuitikia kuliko na kuoza. Wimbo unaita. Kijana anaitika kwa sababu ndani yake kuna kitu kilichokuwa kinangoja kuitwa, pengine upweke, pengine hamu ya kuonekana, pengine furaha tu ya mwili wa miaka kumi na sita. Vijana wa mtaa mmoja husikia spika moja, lakini kila mmoja huitika kivyake, na wengine hawaitiki kabisa.

Hapo ndipo hunijia sauti ya mzee mmoja aliyesimama kikaoni, mtu mwenye heshima zake, aliyekwishavuka miaka sabini. Alisema, "Wazazi wenzangu, enzi zetu hatukuwa hivi. Muziki wetu ulikuwa na mafunzo." Watu wakaitikia kwa kichwa. Hoja hii naisikia kwenye daladala, redioni, misibani, na kila ninapoisikia damu hunichemka. Haisemwi ili ijibiwe. Husemwa na mtu aliyekuwepo kwa watu wengi ambao hawakuwepo, nao kwa adabu hunyamaza. Lakini enzi hizo zina kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo hazimuungi mkono.

Mtu wa umri wake alikuwa kijana, au alikaribia kuwa kijana, mwaka 1968. Oktoba ya mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Hata kabla tarehe haijafika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Mwaka 1969 uleule muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku haipigwi juu ya kitu ambacho hakipo. Vijana wa enzi zile walivaa, walicheza, waliitika sauti iliyotoka Marekani, na wazee wao wakasema wameharibika. Waliokuwa wakisemwa hivyo ndio babu na bibi za watoto wetu. Wengi wao waliolewa, wakaoa, wakajenga, wakasomesha. Sasa mmoja wao anasimama mbele ya msichana wa miaka kumi na sita na kumwambia kwamba yeye hakuwahi kuwa kijana.

Na hayo mafunzo je? Nayapenda mafunzo ya muziki wa dansi kuliko wengi. Nimekulia Temeke, kwenye nyumba ambayo Jumapili baba aliwasha redio kabla ya kunawa uso. Basi na tumtaje Remmy Ongala, maana hakuna aliyefundisha waziwazi kuliko yeye. Wakati UKIMWI ukituzika kila wiki, alitunga "Mambo kwa Soksi", akiwaambia watu watumie kondomu. Radio Tanzania haikuupiga. Ulionekana haufai kwa maadili. Wimbo uliokuwa na funzo kweli, funzo la uhai na mauti, ulizuiwa na watu wa kizazi kinachotuambia leo kwamba nyimbo zao zilikuwa na mafunzo. Wanaoamini kwamba wimbo unaweza kumharibu kijana wanapaswa pia kuamini kwamba unaweza kumwokoa, kwa kipimo kilekile, na wajiulize ni vijana wangapi ambao wangeusikia wimbo ule redioni na hawakuusikia. Sijawahi kumsikia mtu wa maadili akifanya hesabu hiyo.

Zipo hoja za haki zaidi. Wapo wanaosema kwamba msichana anayeona kila siku video ambamo mwanamke ni pambo la gari hatimaye hujipima kwa jicho hilo. Nadhani ni kweli. Wapo wanaosema pia kwamba siku hizi simu huchagua wimbo kabla ya mtoto kuchagua, nami hilo silijui vya kutosha kulipinga.

Lakini kuna neno jingine lililosemwa kikaoni ambalo siwezi kulipita: kwamba mauno si mila yetu. Mimi ni shangazi. Kwetu pwani binti akivunja ungo ni shangazi, bibi na somo wanaohangaika, na nyimbo za unyago nimeziimba kwa mdomo wangu. Hakuna singeli iliyowahi kutamka yale tunayoyatamka mle ndani, na kiuno tunakifundisha sisi, kwa mikono yetu, tukimsahihisha mwari anapokosea. Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliutoa unyago hadharani na akaupeleka majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 viongozi wa nchi walikuwa mazikoni. Tulimwita hazina ya taifa. Hatukusema kiuno kimeharibu watu.

Singeli nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilizaliwa Manzese, Tandale, Mburahati, kutoka kwenye mchiriku, na mchiriku ni ngoma ya Kizaramo iliyokutana na vinanda vidogo vya Casio. Singeli za mwanzo zilichukua vipande vya taarab, zikavizungusha na kuvikimbiza hadi midundo 200, hata 300, kwa dakika. Ukiisikiliza kwa sikio tulivu utamsikia mama yako akiwa na haraka.

Na kwa kuwa nimeitaja taarab, siwezi kuacha kumtaja Siti binti Saad, ambaye namrudia kila nikikwama. Alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Aliimba uonevu wa mjini kwa majina. Wimbo wake juu ya Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Kijiti, aliyetuhumiwa, alitorokea bara, na wanawake wawili waliosimama kama mashahidi ndio waliofungwa. Kila nikiusikia mkasa huo huwa nauliza wimbo ulifanya nini. Haukumrudisha Kijiti, wala haukuwatoa wale wanawake gerezani. Lakini karibu miaka mia baadaye mwanamke wa Temeke anajua kwamba walionewa. Hiyo nayo ni nguvu ya utamaduni pendwa juu ya jamii, na sioni ikitajwa tunapohesabu madhara. Watu wa mjini waliuitika wimbo ule. Waliuitika kwa kuukumbuka.

Nimepotea njia kidogo, nirudi kwa mtoto, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inaponigeukia. Nimesema kijana haozi, anaitika. Lakini anayeitika anatenda, na anayetenda anaweza kuulizwa. Nikimtetea binti yetu kwa kusema alichagua, nimemkabidhi mikononi mwa wenye barua. Nikimtetea kwa kusema alisombwa, nimerudi kwenye kapu la maembe na kumkubalia yule mzee. Nimejaribu kusimama katikati: kwamba anayeitika hakuanza wimbo, na kwamba ukiwa ukumbini na watu mia tatu wanaitikia, kunyamaza si jambo jepesi. Mtu mzima huweza. Mtoto huweza kwa kiasi gani? Kiasi hicho sijakipata. Kinaweza kuwa tofauti kwa kila mmoja wa wale wasichana watano, na barua waliyopewa ilikuwa moja, maneno yaleyale, jina tu limebadilishwa.

Wiki iliyopita, tukichambua mchele, nilimuuliza kwa nini walicheza vile. Nilitegemea ataje msanii, au rafiki, au klipu aliyoiona. Alifikiri kidogo akasema, "Shangazi, tulianza taratibu. Mlivyopiga makofi ndiyo tukaongeza."

Nimeitazama ile klipu tena. Ni kweli. Mwanzoni wanasogea kwa aibu, wawili wanatazamana, mmoja anajishika sketi. Kisha makofi yanaanza, na juu ya makofi kigelegele kirefu, na hapo ndipo viuno vinapofunguka. Siku zote nilidhani sisi ndio tulioitikia. Sasa nikiisikiliza sauti yangu mwenyewe mle ndani siwezi tena kusema nani alikuwa anaimbisha.