Kweli Zikijumlishwa

Nina swali moja. Mtu anaweza kusema kweli tupu, neno kwa neno, na bado akawa amedanganya? Rafiki yangu fundi makanika anasema haiwezekani. Mimi nasema inawezekana, na shahidi wangu ni gari.

Porsche 962 lilitokea mwaka 1984. Hilo halikutengenezwa limpeleke mtu sokoni, hapana. Lilikuwa la mbio hasa: injini nyuma ya mgongo wa dereva, tumbo karibu liguse lami. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1986 na 1987. Kisha kanuni zikageuka, likaanza kuitwa zee.

Akaja Mjerumani Jochen Dauer, ambaye mwenyewe alikuwa dereva wa mbio. Akalivisha gari lile nguo za kiraia: kiti cha abiria, ngozi ndani, pahali pa mizigo hata kama ni padogo, na mitambo ya kuliinua kidogo lisije likakwaruza chini. Farasi zaidi ya 700, na namba za barabarani! Akalionyesha Frankfurt mwaka 1993. Mwenye fedha aliweza kulinunua. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Hata mimi ningepewa ningepanda.

Sasa sikiliza. Kanuni za Le Mans za mwaka 1994 zilikuwa na daraja la magari yaliyotokana na ya barabarani. Haya yaliruhusiwa tangi la lita 120, wakati magari halisi ya mbio yalipewa lita 80. Norbert Singer, mhandisi wa Porsche, akazisoma kanuni hizo kwa jicho la wakili. Gari la barabarani si lipo? Lipo. Linauzwa? Linauzwa. Basi 962 likarudi uwanjani kama mtoto wa gari la barabarani, ilhali ndilo baba yake.

Mwezi Juni lilishinda. Dalmas, Haywood na Baldi walizunguka mara 344.

Fundi wangu anacheka. "Sheria ni sheria, bwana. Aliyeacha mlango wazi ajilaumu." Ana hoja, nakubali. Hakuna karatasi iliyoghushiwa. Ukiichukua kila kauli ya Porsche ukaipima peke yake, ni kweli. Ila zijumlishe zote uone zinakwambia nini: ati hili ni gari la watu wa kawaida lililotiwa nguvu za mashindano. Hilo ni uongo. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunafanya kinyume chake, tunarundika uongo tukitumaini jumla yake iwe kweli, kwa hiyo hesabu hii tunaijua vizuri.

Tena sheria ikiuliza kitu, mara nyingi inauliza kile inachoweza kukihesabu. Inahesabu viti, lita, namba za gari. Haiwezi kuuliza, "Wewe ulizaliwa kwa kazi gani?" Hilo limeachiwa mtu mwenyewe ajiulize.

"Haya, nani aliumia?" fundi ananiuliza.

Aliyeshika nafasi ya pili, kwa kuachwa mzunguko mmoja, ni Toyota la Irvine, Martini na Krosnoff. Kiti cha Irvine kilikuwa cha Roland Ratzenberger, aliyefariki Imola mwezi Aprili mwaka ule ule. Wenzake wakaliacha jina lake kwenye gari. Zikiwa zimebaki chini ya saa mbili walikuwa wanaongoza. Gia ikagoma.

Fundi anaipenda sana gia hiyo. Anasema Toyota walishindwa na chuma chao wenyewe. Ni kweli, lakini lile tangi la lita 120 lilikuwa limeshafanya kazi yake usiku kucha. Na hata gia ingeshika, Toyota likashinda, mimi swali langu kwa Singer ningelirudia vilevile.