Kadi Kwanza, Rangi Baadaye

Kwenye gereji za Johannesburg Kiswahili hakikosekani, kiwe cha Lubumbashi au cha Dar. Fundi mmoja wa Moshi, mwenye kigereji chake Yeoville, alikuwa na ugonjwa wa pikipiki za zamani. Akapata habari kwamba kwenye shamba moja karibu na Kroonstad, jimbo la Free State, kuna BSA M20 imelala ghalani miaka na miaka. Ni ile ya silinda moja, cc 496, waliyopanda wanajeshi wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Mjane mwenye shamba akamuuzia kwa fedha taslimu na kumwandikia risiti kwa mkono. Kadi ilikuwa ya marehemu mumewe, hakujua aliiweka wapi.

Mzee mmoja wa Tanga, jirani yake, alipoiona ikishushwa aliuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, huko serikalini chombo hiki kina jina la nani?"

"Mzee wangu, kwanza iwake. Karatasi zitafuata."

Alichokiogopa fundi ni kuvuka jimbo, kutoka namba za FS, za Free State, kwenda za GP, za Gauteng, jimbo la Johannesburg. Kumbe hilo ndilo lililokuwa jepesi. Nchi nzima inatumia mfumo mmoja wa usajili, eNaTIS, ulioanza 2007. Mnunuzi ana siku 21 za kuomba usajili kwa jina lake; chombo kinakaguliwa kama kinafaa barabarani, cheti cha ukaguzi kinadumu siku 60, na namba za Gauteng zinatoka. Mto Vaal, ulio mpakani mwa majimbo hayo, haumzuii mtu. Kinachozuia ni jina la mwenye mali na namba zilizogongwa kwenye chuma, na fundi wetu aliviruka vyote viwili.

Akaingia kazini kwa mapenzi. Alikuwa akiota mbio za kumbukumbu za Durban hadi Johannesburg, zile wanazoziita DJ. Hata hapo hakuuliza: mbio hizo ni za pikipiki zilizoundwa kabla ya mwisho wa 1936, na M20 ilianza kutengenezwa 1937.

Kwenye M20 namba ya injini imegongwa upande wa kushoto, kwenye kasha la krenki, chini kidogo ya silinda. Hapo kutu ya alumini ilikuwa imeota kama unga wa chumvi. Akapitisha grainda, kisha msasa wa maji, kisha dawa ya kung'arisha, mpaka ukiinama unaona meno yako.

Chombo kilichofufuliwa hivyo, na kadi haipo, hakisajiliwi mpaka polisi wakihakiki. Mkaguzi akapiga magoti, akamulika tochi chini ya silinda, akapapasa kwa kidole gumba. Kweupe. Akainuka na kuuliza nani aliyeifuta. Sheria ya Usafiri Barabarani namba 93 ya 1996, kifungu cha 68, inasema kukutwa na chombo chenye namba ya injini iliyofutwa, bila sababu halali, ni kosa. Wezi hufanya hivyohivyo, na grainda haiandiki nia ya aliyeishika. Pikipiki ikabaki uani kwa polisi.

Kilichomwokoa ni namba ya fremu, kwenye shingo ya usukani, ambayo rangi ilikuwa imeifunika tu. Ilipochunguzwa ikatoa jina la marehemu. Hapo likazuka la pili: mali ya marehemu haiuzwi na mjane kwa risiti ya mkono. Anayeweza kuiuza ni aliyepewa barua ya usimamizi wa mirathi na ofisi ya Mahakama Kuu inayoshughulikia mirathi, na barua hiyo hakuna aliyewahi kuiomba. Watoto wa marehemu wakatafutwa. Kifungua mimba alipoonyeshwa picha ya pikipiki inavyong'aa, alisema mama yake hakuwa na haki ya kuuza, na bei aliyotaja haikuwa bei ya chuma chakavu.

Fundi akalipa mara ya pili. Barua ikatoka, polisi wakamgongea injini namba yao, inayoanza na SAPVIN, na namba za GP zikafungwa. Alipoitia sokoni, mnunuzi wa kwanza kuja kuitazama alikuwa mkusanyaji wa pikipiki za kale. Hakuuliza habari za rangi. Aliinama moja kwa moja upande wa kushoto, akasoma SAPVIN, akainuka na kupunguza bei.