Hesabu ya Roho Chomboni
(Someni Matendo ya Mitume 27)



Luka, alipoandika habari za kuvunjika kwa merikebu iliyomchukua Paulo kwenda Rumi, alitia neno moja ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, nalo ni idadi ya watu waliokuwamo. Walikuwa 276, mabaharia, askari na wafungwa pamoja. Mtu aweza kuuliza, Ya nini hesabu hii, nasi twangoja kusikia kama waliokoka? Lakini wakaao karibu na maji hawataliuliza swali hilo.

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja kuna kijiji cha Nungwi. Wenyeji wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo tangu zamani, na hata leo majahazi na mashua huundwa pale pwani, juu ya mchanga. Fundi hulaza mkuku, huchagua miti iliyopinda yenyewe iwe mataruma, huchonga kwa tezo na kutoboa kwa keekee. Kisha huja kalafati: pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa kati ya ubao na ubao. Kazi hii yachosha, wala haina fahari, maana chombo kikiisha kupakwa hakuna aionaye pamba ile. Walakini fundi akiruka mahali padogo, maji hayataparuka. Zamani, kabla ya misumari kuenea, vyombo vya pwani hii vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Navyo vyatajwa katika kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, karne ile ile aliyosafiri Paulo.

Basi watu hawa waijua bahari, nao wajua kwamba mbele ya kijiji chao mkondo ni mkali. Lakini maafa makubwa ya siku zetu hayakuletwa na chombo cha mikono yao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, ilizama karibu na Nungwi katika safari ya kwenda Pemba. Ruhusa yake ilikuwa abiria wapatao 600. Siku za kwanza zilitajwa hesabu ndogo. Hata mwaka 2012 tume ya uchunguzi ikasema kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, pamoja na shehena nyingi. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, na watu zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena.

Ndugu zetu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa jambo hili. Meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa nayo.

Katika habari za Paulo, yule akida aliwasadiki nahodha na mwenye merikebu, asimsadiki mfungwa. Sisemi kwamba kila mwenye chombo ni mwovu. Lakini chomboni mna hesabu mbili, ya mali na ya roho, na ya mali haisahauliwi kamwe. Angalieni basi jinsi zilivyogeuka katika tufani: ngano ilitupwa baharini, na watu wakahesabiwa. Wengine walifika pwani kwa kuogelea, wengine juu ya mbao, wala hakupotea hata mmoja.

Kulipokucha siku ile, wavuvi wa Nungwi walishua mashua zao, wakawaokoa watu waliokuwa wakielea, wengine wameshika magodoro. Hao ni Waislamu, nami sioni haya kuwasifu katika gazeti la Kanisa. Kwa maana Luka naye awasifu wenyeji wa Melita, ndicho kisiwa cha Malta, waliowawashia wageni moto katika mvua na baridi, nao hawakulijua bado jina la Yesu.

Sasa nasema nanyi, waalimu na wazee. Katika mitaa yetu kitabu cha sadaka huandikwa kila Jumapili, na senti ikipungua yatafutwa mpaka jioni. Lakini kitabu cha washarika je? Mjane aliyehamia kwa binti yake, kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi, mtoto aliyebatizwa kisha akafiwa na wazazi: nani ajuaye walipo? Mchungaji aliyeijua sadaka ya mtaa wake asijue watu wake, amehesabu nauli.

Nawasihi, kabla ya Meza ya Bwana ijayo, kaeni pamoja na kitabu hicho, majina yasomwe yote kwa sauti. Na kila jina ambalo hakuna awezaye kusema mwenyewe yuko wapi, mmoja wenu apewe kazi ya kwenda kuuliza.