Mmea Ulao Nzi

Dirishani kwangu nina mmea ulao wadudu, uliopandwa katika kopo. Asili yake ni nyika chepechepe za Carolina, Marekani, ambako udongo hauna rutuba. Naitrojeni huipata kwa wadudu. Ukiutilia mbolea unaweza kufa. Nami huunywesha maji ya mvua tu. Ndani ya jani mna vinyweleo. Mdudu akivigusa mara mbili katika sekunde 20 hivi, jani hufumba.

Nilikuwa nikimkamata nzi mzima, namtia humo, kisha navuta kiti nitazame. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, huyu nzi amekosa nini?" Nikamjibu kuwa mmea una njaa. Sikusema kweli. Ukiwekwa nje huwanasa wenyewe bila msaada wangu, na jani likishashika mdudu huchukua siku kadhaa kummeng'enya. Haja ilikuwa yangu, ya kutazama. Wapo watakaosema nzi si kitu, na mimi mwenyewe nawapulizia dawa jikoni hadi leo bila kujuta. Hata hivyo kopo nimelitoa uani, na kiti nimekirudisha mezani.